Bunduki, Leseni na Usalama Wetu: Kijitabu kwa Wakazi wa Athi River

Athi River haikosi sababu za kumfanya mtu awaze kuhusu bunduki. Wafanyakazi wa viwanda vya EPZ hutoka zamu usiku, mshahara ukiwa kwenye simu. Madereva wa malori hulala barabarani Mlolongo wakingoja mizani. Kuelekea Kitengela ploti zinajengwa kila siku, na nyingi hazijapata taa wala majirani. Ndiyo maana kwenye mikutano ya usalama ya Nyumba Kumi swali hili halikomi: jambazi ana bunduki, mbona raia mwema anyimwe yake? Anayeuliza hivyo amechoka kuogopa, na anastahili kujibiwa kikamilifu.

Sheria inasemaje

Katiba ya Kenya ya 2010 haitaji popote haki ya kumiliki silaha. Kifungu cha 26 kinalinda uhai wa kila mtu, na cha 29 kinalinda uhuru na usalama wake. Wengi wetu tumesikia mabishano ya Marekani, ambako haki ya kubeba silaha iliingizwa katika katiba mwaka 1791, tukadhani nasi tunayo. Hatuna. Hapa kwetu bunduki iko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na anayeitaka ndiye mwenye kazi ya kueleza kwa nini apewe.

Bodi ya Leseni za Silaha lazima iridhike kwamba mwombaji ana sababu ya msingi. Sheria inakataza kumpa cheti cha silaha mlevi, mtu asiye na akili timamu, au yeyote ambaye kwa sababu nyingine hafai kukabidhiwa silaha. Mwombaji huchunguzwa na vyombo vya usalama, na rekodi yake ya uhalifu hupekuliwa. Cheti ni cha mwaka mmoja, kisha kinaombwa upya. Mwishoni mwa 2018 serikali iliwaamuru raia wote wenye leseni wahakikiwe tena, baada ya kubainika kwamba baadhi ya leseni zilikuwa zimetolewa kiholela. Leseni, basi, ni amana inayoweza kurudishwa kwa aliyeitoa.

Lakini bunduki nyingi hazina leseni yoyote. Watafiti wa Small Arms Survey walikadiria kwamba mwaka 2017 raia wa Kenya walikuwa na silaha zipatazo 750,000, yaani moja na nusu kwa kila watu 100, na zilizosajiliwa zilikuwa sehemu ndogo sana. Marekani ilikuwa na 120 kwa kila watu 100. Nyingi za haramu hupenya mipakani kutoka nchi zilizopigana vita kwa miaka mingi, na hiyo ndiyo sababu nchi za kanda hii zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo mwezi Aprili 2004. Kule Ngong serikali iliteketeza silaha 5,250 mnamo Novemba 2016, na nyingine 5,144 Juni 2021. Ni kazi njema, ila pengo linaonekana ukilinganisha hesabu hizo na ile ya 750,000.

Hoja ya Westgate

Wanaotetea raia kujihami wana mfano mzito. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walipovamia jumba la maduka la Westgate, Nairobi, na kuua watu 67, raia wenye leseni walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia kuokoa watu. Abdul Haji, ambaye baadaye alikuja kuwa seneta wa Garissa, aliingia na bastola akasaidia kuwatoa akina mama na watoto. Hatutaki kupunguza sifa hiyo hata chembe. Wapo watu walio hai leo kwa sababu yake.

Lakini wale walikuwa watu waliojua kushika silaha, wakaingia wakijua wanakabili nini. Usiku wa wizi wa nyumbani hauendi hivyo. Anayevunja mlango wako amekuja na silaha mkononi. Yako iko kabatini, nawe umeshtuka usingizini, watoto wako katikati. Akigundua unayo, huenda akafyatua kwanza. Akiondoka nayo, bastola yako halali imeongezeka kwenye zile haramu. Ndiyo maana maoni yetu ni kwamba kumpa kila mpangaji wa Syokimau au Sabaki bastola hakutapunguza mazishi. Taa za barabarani, doria inayofika kweli, na majirani wanaofahamiana vinasaidia zaidi, na hivyo tuna haki ya kuvidai.

Kama tayari unayo

Tunasema waziwazi kwa sababu makosa haya hufanyika katika nyumba za watu wazuri. Bastola haifichwi chini ya godoro, wala katikati ya leso zilizokunjwa, wala kwenye kishubaka cha gari. Mtoto wa miaka minne anaijua kila pembe ya chumba chenu. Silaha itolewe risasi, chemba ikaguliwe kwa macho na kwa kidole, ifungiwe kwenye sanduku la chuma lililokazwa ukutani au sakafuni. Risasi zikae mahali pengine, na ufunguo usiachwe kwenye msumari nyuma ya mlango. Ukienda kunywa, iache. Kulewa ukiwa umebeba bunduki ni kosa kisheria. Ikipotea, ripoti kituoni mara moja, hata kama unaona aibu.

Ukiokota bunduki au risasi, kwa mfano kwenye machimbo ya mawe au ukingoni mwa mto, usiiguse. Waondoe watoto, kumbuka mahali, piga 999 au 112. Anayetaka kusalimisha silaha aanze kwa chifu, au kwa mchungaji au imamu wa kumsindikiza, asije akaonekana anatembea nayo barabarani.

Bunduki ya serikali

Mjadala wa silaha ukiishia kwa raia na jambazi, utakuwa umeruka mtu wa tatu, polisi, na Mavoko yetu inamjua vizuri. Aprili 2015 mwendesha bodaboda Josephat Mwendwa alisimamishwa barabarani, akapigwa risasi mkononi na afisa wa polisi wa utawala. Alilalamika kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi. Baadaye yeye ndiye aliyejikuta kizimbani. Tarehe 23 Juni 2016, wakitoka katika mahakama ya Mavoko, yeye, wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitekwa na kuzuiliwa katika kambi ya polisi ya Syokimau. Kimani aliandika ujumbe kwenye karatasi ya chooni akautupa nje, mpita njia akauokota. Wiki moja baadaye miili yao ilitolewa mtoni Ol Donyo Sabuk.

Julai 2022 Jaji Jessie Lessit aliwapata na hatia maafisa watatu wa polisi na raia aliyekuwa mpasha habari wao. Februari 2023 afisa aliyefyatua risasi ile, Fredrick Leliman, alihukumiwa kifo, na wengine vifungo vya kati ya miaka 20 na 30.

Masharti yaliyovunjwa yameandikwa. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linasema bunduki itumike kuokoa uhai au kuzuia hatari ya maisha iliyo karibu, afisa atoe onyo kwanza, na aliyejeruhiwa apelekwe kutibiwa. Afisa aliyevaa sare lazima aonyeshe jina au nambari yake. Kifo au jeraha baya likitokea, IPOA iarifiwe. Tunayadai haya kwa ukali uleule tunaomkagulia raia leseni.

Ukipigwa risasi au ukimshuhudia afisa akifyatua ovyo, tibiwa kwanza na upate fomu ya P3. Andika saa, mahali, nambari ya afisa na ya gari. Nambari ya IPOA isiyolipiwa ni 1559. Ukihofia maisha yako, uliza kuhusu Wakala wa Kulinda Mashahidi kabla ya kutoa ushahidi, si baada. Acha nakala ya kila karatasi kwa mtu msiyeishi naye. Siku ya mahakama usiende na wakili peke yenu: nendeni na jamaa, na aliyebaki nyumbani ajue mmepanda gari gani na mnatarajiwa saa ngapi.