Niliyojifunza Nikiwa Mwalimu wa Malezi Mbagala

Nimekuwa mwalimu wa malezi katika shule ya sekondari ya kutwa huku Mbagala, Dar es Salaam, kwa muda mrefu, na kabla ya hapo nilifundisha upande wa Bunju. Shule nyingi huamini kwamba wanafunzi wako salama kwa kuwa walimu wao ni watu wazuri. Nawaheshimu walimu wenzangu. Lakini mtoto halindwi na wema wa mtu. Analindwa na utaratibu unaombana kila mtu, kuanzia mkuu wa shule hadi mlinzi wa getini.

1. Hatari nyingi huanzia kituoni.

Jioni pale Rangi Tatu, konda huwapakia kwanza wenye nauli kamili na kumshusha mwanafunzi. Daladala tatu, nne zinaondoka, giza linaingia. Anatokea kijana wa bodaboda: "Panda mdogo wangu, utanilipa siku nyingine." Baada ya siku chache anamnunulia chipsi, kisha anaanza kudai. Wazazi wa Chamazi na Toangoma wanayajua haya. Tulichofanya ni kidogo: mwalimu wa zamu akawa anasimama kituoni hadi mwanafunzi wa mwisho apande, na masomo ya ziada ya jioni yakahamia Jumamosi asubuhi. Makonda wakimwona mtu mzima akiandika namba za magari, wanapakia.

2. Kanuni ikimgusa mmoja tu, ni tuhuma; ikiwagusa wote, ni kazi.

Mwanafunzi hatumwi nyumbani kwa mwalimu, si kufua, si kuchota maji, si kupeleka madaftari. Twisheni ya mwanafunzi mmoja nyuma ya mlango uliofungwa hairuhusiwi. Hakuna meseji za usiku. Tangazo linakwenda kwenye kundi la wazazi. Nilipoyasema haya kikaoni, mwenzangu mmoja aliumia: "Madam, kwani mimi unanionaje?" Nikamjibu kwamba mimi na mkuu wa shule ndio wa kwanza kwenye orodha. Walimu vijana wanaokuja kwa mazoezi ya kufundisha ndio walioipenda kanuni hiyo mapema, kwa sababu inawakinga pia na maneno ya uzushi.

3. Fimbo hufunga midomo.

Kanuni za mwaka 2002 haziruhusu zaidi ya viboko vinne, navyo vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Mwaka 2018 mwanafunzi wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alifariki baada ya kuchapwa na mwalimu. Mwaka uliofuata mahakama ilimtia mwalimu huyo hatiani kwa mauaji. Nchi nzima ililia. Mimi naona kilio hicho kilipaswa kuisukuma kila shule kukifungua kitabu chake na kukisoma. Jina linalojirudia kwa kuchelewa mara nyingi ni la mtoto mwenye jambo zito nyumbani, na hawezi kulisimulia kwa mtu anayemchapa.

4. Mtoto hasemi yote siku moja.

Huanza na kichwa kinauma, kisha hataki kurudi kwa baba mdogo, kisha ananyamaza wiki nzima. Usimharakishe, wala usimwahidi kwamba itabaki siri. Mwambie ni nani utakayemshirikisha na kwa nini. Utafiti wa kitaifa uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba takriban wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Hao wavulana husahaulika sana. Klabu za Tuseme, zilizoanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, zilitumia maigizo kuwapa wasichana sauti, na shuleni kwetu igizo limewafungua hata wavulana ambao ofisini kwangu wasingekuja.

5. Saa za mwanzo zina thamani.

Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72 tangu tukio. Mtoto aliyebakwa au kulawitiwa asiogeshwe kwanza, nguo zisifuliwe. Awahishwe Hospitali ya Temeke, au Mwananyamala kwa walio Kinondoni, na suala lifikishwe Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ni ya bure. Ibandikwe hata chooni.

6. Adui mkubwa ni kumalizana.

Hapa ndipo kesi nyingi zinapofia. Mjomba wa binti aliyepewa mimba anakuja shuleni na kusema wazee wamekaa, wamekubaliana, kuna hela ya matunzo. Binti hajaulizwa. Simlaumu mama yake haraka: anauza vitumbua, mwenye nyumba wake ni ndugu wa mtuhumiwa, na kila kesi ikiahirishwa anapoteza nauli na mtaji wa siku. Siku ya ushahidi unasikia familia imehamia Mkuranga. Lakini kosa hili ni la jinai, si mali ya ukoo. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yameweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Kilichosaidia kwetu ni mwalimu kuongozana na mama hadi mahakamani, na kamati ya shuleni kuchanga nauli yake.

Shule nazo humalizana. Mwalimu mtuhumiwa anapewa uhamisho, barua haitaji sababu, na kata nyingine inampokea kwa makofi. Nasema bila kumung'unya: huko ni kuwapelekea hatari watoto wengine. Nidhamu ya mwalimu wa serikali ina Tume ya Utumishi wa Walimu, na jinai ina polisi.

7. Binti akirudi, kesi isifungwe.

Tangu Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Tunamuuliza nani anabaki na mtoto, ananyonyesha saa ngapi, kama wenzake wanamsema. Na mkuu wa shule anaendelea kuliandika shauri la aliyempa mimba kwenye taarifa ya kila robo mwaka, hadi hukumu itoke.