Silaha na Risasi Dhidi ya Wanyama Wakali: Yampasayo Mwananchi Kuyafahamu

Kila msimu wa mavuno unapokaribia, swali moja hurudi katika mikutano ya vijiji vinavyopakana na mapori ya akiba na shoroba za wanyamapori: kwa nini mkulima anayelala shambani asibebe bastola au gobore ili ajilinde? Ni swali la haki, kwa kuwa anayeuliza ana familia ya kulisha na usiku mrefu wa kukesha. Wengi hudhani jibu lake ni la kisheria tu. Lipo pia jibu linalotokana na uzito wa mnyama na nguvu ya risasi yenyewe, nalo ndilo linaloanza katika somo hili.

Upana wa risasi si nguvu yake

Risasi ya bastola iliyo ya kawaida zaidi ina upana wa milimita 9. Risasi ya bunduki ya .375, ambayo katika nchi nyingi za Afrika huhesabiwa kuwa kiwango cha chini cha kumkabili tembo, nyati au kiboko, ina upana wa milimita 9.5 hivi. Kwa macho, tofauti ni nusu milimita tu.

Tofauti kubwa imo katika uzito na mwendo. Risasi ya bastola ina uzito wa gramu 8 hivi na hutoka kwa mwendo wa mita 350 hivi kwa sekunde, ikiwa na nguvu ya takriban jouli 500. Ile ya .375 ina gramu 19, hutoka kwa mita 770 hivi kwa sekunde, na nguvu yake hupita jouli 5,500. Bunduki ya .458, ambayo ni kubwa zaidi, hurusha risasi ya gramu 32 yenye nguvu ya zaidi ya jouli 6,000. Hivyo basi, bastola ina chini ya sehemu moja ya kumi ya nguvu inayohitajika. Nyati dume hufikia kilo 700 na zaidi, na fuvu lake limefunikwa na pembe nene. Risasi ya bastola humchubua na kumghadhibisha pasipo kumsimamisha.

Kila mnyama na risasi yake

Hata bunduki kubwa haitoshi ikiwa risasi si sahihi. Zipo risasi ngumu, ambazo hazibadiliki umbo zinapogonga mfupa. Hizo hutumika kwa tembo, kiboko na mara nyingi nyati, kwa sababu ni lazima zipenye hadi kwenye ubongo au moyo. Zipo pia risasi laini, ambazo hupanuka zikishaingia mwilini. Hizo hufaa kwa simba na chui, wenye miili myepesi zaidi. Risasi laini ikielekezwa kwenye kichwa cha tembo huweza kuharibika kabla ya kufika panapotakiwa.

Marisau ni vipande vidogo vilivyotengenezwa kwa ajili ya ndege na wanyama wadogo. Vikimpata nyati huishia katika ngozi na nyama ya juu. Gobore nalo lina risasi moja tu, na kulijaza upya huchukua muda. Simba anayeshambulia hukimbia zaidi ya kilometa 50 kwa saa, na umbali wa mita 30 humalizwa kwa sekunde mbili hivi. Hakuna ajazaye gobore kwa sekunde mbili.

Mnyama aliyejeruhiwa

Madhara makubwa ya silaha isiyofaa huonekana baada ya mlio. Nyati au simba aliyejeruhiwa hujificha kichakani, akiwa na maumivu na asiyeweza kwenda mbali. Aliyefyatua risasi amekwisha kurudi nyumbani. Anayekutana na mnyama huyo asubuhi ni mama aendaye kisimani au mtoto aendaye shule. Kwa sababu hiyo, askari wa wanyamapori huenda zaidi ya mmoja, na mnyama akijeruhiwa wanapaswa kumfuatilia hadi mwisho.

Sheria inasemaje

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu yeyote kumiliki silaha au risasi bila leseni, na gobore ni silaha. Aidha, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyama aliyeuawa kwa kujihami ni nyara ya Serikali. Tukio hilo hutolewa taarifa mara moja, na nyama, ngozi au meno hayaguswi.

Kinga iliyo mikononi mwa mwananchi

Kwa simba, kinga ya kwanza ni kupunguza nafasi ya kukutana naye gizani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionesha kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 560 nchini, wengi wao katika wilaya za kusini. Mashambulizi yaliongezeka wakati wa mavuno, watu walipolala mashambani kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori, na simba waliwafuata nguruwe hao. Utafiti wa baadaye ulibaini kuwa hatari hupanda katika siku zinazofuata mwezi mpevu, wakati mwezi unapochelewa kuchomoza na saa za mwanzo za usiku huwa giza. Katika siku hizo wananchi wanashauriwa kutotembea peke yao baada ya magharibi, kutumia dungu lililoinuliwa na kuzibwa vizuri, na kuweka choo karibu na nyumba.

Kwa tembo, zipo njia zilizothibitika kusaidia: uzio wa kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili, moshi wa pilipili iliyochanganywa na kinyesi cha tembo, mizinga ya nyuki iliyofungwa kwa waya kuzunguka shamba, tochi kali na honi. Vifaa hivi hutumiwa kwa pamoja, watu wakiwa kikundi na wakiacha njia wazi ya tembo kuondokea. Asizingirwe wala asirushiwe mawe.

Kwa kiboko na mamba, wananchi wachote maji mchana, mahali palipo wazi, na wasisimame kamwe kati ya kiboko na maji.

Mnyama akiingia kijijini

Hatua ya kwanza ni kuwaingiza watu ndani na kuwazuia wasikusanyike kumtazama. Ya pili ni kutoa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji, askari wa wanyamapori wa kijiji au afisa wanyamapori wa wilaya, kwa kutaja aina ya mnyama, idadi, mahali alipo na kama amejeruhiwa. Taarifa hiyo ndiyo inayowawezesha askari kuchagua bunduki na risasi kabla ya kuondoka. Askari aliyeambiwa "mnyama" tu huweza kufika na risasi isiyofaa. Taarifa ya mapema ndiyo pia msingi wa maombi ya kifuta jasho na kifuta machozi, kwa mujibu wa Kanuni za mwaka 2011.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kijiji

1. Je, kila kaya inayo namba ya simu ya askari wa wanyamapori aliye karibu?
2. Ni madungu mangapi katika kitongoji yanayoweza kumzuia simba usiku?
3. Nani atakayetunza pilipili, tochi na honi za kikundi kabla mazao hayajakomaa?

Kijiji kinachoweza kujibu maswali haya matatu kabla ya mavuno kina ulinzi ambao bastola haiwezi kuutoa.