Wabia Watano, Canter Moja: Namna ya Kufikia Uamuzi kwa Programu Shirikishi

Biashara nyingi za watu wachache huendeshwa ndani ya kundi la WhatsApp. Oda zinaingia humo, risiti zinapigwa picha na kutumwa humo, salamu za Idi na picha za harusi zimo, na katikati ya hayo yote mtu anaandika: "Jamani, kuna Canter inauzwa, tununue?" Mkubwa anajibu kwanza: "Mimi naona ni wazo zuri." Vinafuata vidole gumba viwili. Mmoja hajaonekana hewani tangu asubuhi, mwingine amesoma akanyamaza. Wiki mbili baadaye malipo ya awali yameshatoka, na yule aliyenyamaza anasema hakuwahi kukubali. Ukipandisha ujumbe mia tatu kutafuta mahali uamuzi ulipofanyika, huupati, kwa sababu haukufanyika popote.

WhatsApp ilitengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, na katika mazungumzo anayetangulia ndiye anayeweka mwelekeo. Tena akiwa ndiye mwenye hisa nyingi, au mzee kuliko wengine, nani atampinga hadharani? Heshima ni jambo jema, lakini inaweza kulitia kundi hasara.

Watafiti wameliona hili kwa muda mrefu. Mwaka 1985 Garold Stasser na William Titus wa Marekani walionyesha kwamba kundi likijadili, hupenda kurudia yale ambayo kila mmoja anayajua tayari, na taarifa iliyo kwa mtu mmoja tu mara nyingi haifiki mezani. Miaka miwili baadaye Michael Diehl na Wolfgang Stroebe wakaonyesha kwamba watu wakitoa mawazo kwa zamu ya kuongea hupata mawazo machache kuliko idadi hiyohiyo ya watu walioandika kila mmoja peke yake. Ukisubiri mwenzako amalize, wazo lako linakutoka. Dawa ilikuwa imeshaanza kujulikana. Katika miaka ya 1950 taasisi ya RAND ya Marekani ilibuni njia iitwayo Delphi: wataalamu wanajibu maswali kwa maandishi bila kujuana, wanaonyeshwa majibu ya wenzao, kisha wanajibu tena. Miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Arizona, chini ya Jay Nunamaker, kilijenga vyumba vya mikutano ambamo kila mshiriki alikaa mbele ya kompyuta yake na wote wakaandika kwa wakati mmoja. Kilichohitaji chumba kizima cha mashine enzi hizo leo kinapatikana bure kwenye simu ya mkononi. Kinachokosekana ni mpangilio.

Na mpangilio wenyewe ni huu: kila mtu aandike maoni yake kabla hajaona ya mwenzake. Ukilisimamia hilo moja, hata programu ya kawaida kabisa itakufaa. Ukiliacha, hata ya kulipia haitakusaidia.

Turudi kwenye Canter. Chukulia wabia watano wenye duka la jumla la vinywaji Mwanza. Wanakodi gari kupeleka mzigo kwa wateja, safari 40 kwa mwezi, shilingi 80,000 kila safari, jumla shilingi 3,200,000. Canter ya mtumba inauzwa milioni 36. Wamepiga hesabu kwamba wakiwa na gari lao, dereva, utingo, dizeli, bima na matengenezo vitakula kama shilingi 2,300,000 kwa mwezi. Wanaokoa 900,000, gari linarudisha fedha yake ndani ya miezi 40. Ukiisikia hesabu hiyo kikaoni, unasaini.

Badala ya kuipeleka kundini, mmoja wao, tuseme katibu, anaandika ukurasa mmoja kwenye Google Docs: tunaamua nini, fedha itoke wapi, njia zilizopo ni zipi (kununua, kuendelea kukodi, au kuingia mkataba wa mwezi na mwenye gari), nani mwenye kauli ya mwisho, na mwisho wa kutoa maoni ni lini. Hapo kwenye kauli ya mwisho pasirukwe. Watu hukasirika zaidi wanapodhani wanapiga kura kumbe walikuwa wanaombwa ushauri tu. Iandikwe wazi: uamuzi ni kwa kura ya wengi, au ni wa mkurugenzi baada ya kusikiliza, au ni mpaka wote waridhie.

Kisha anatengeneza fomu ya Google yenye maswali manne tu. Unachagua njia ipi? Sababu yako kubwa ni ipi? Ni kitu gani unachokijua kuhusu usafirishaji wetu ambacho huenda wengine hawakijui? Ni jambo gani likitokea utabadili mawazo? Kwenye mipangilio ya fomu anahakikisha wanaojibu hawaonyeshwi muhtasari wa majibu ya wengine. Anatuma kiungo kundini na kutoa siku tatu.

Swali la tatu ndilo lenye uzito. Mbia anayeshinda stoo, ambaye kikaoni huwa msikilizaji, anaandika kwamba safari 15 kati ya zile 40 ni za mteja mmoja mwenye baa tatu, na mteja huyo ameshaagiza pikapu yake. Hakuwa ameficha, hakuna aliyemuuliza. Sasa rudia hesabu kwa safari 25: kukodi kunagharimu shilingi 2,000,000, gari lao litakula kama 1,750,000, kwa sababu dereva na bima hulipwa gari liende lisiende. Akiba imebaki 250,000 kwa mwezi, na miezi 40 imegeuka 144. Miaka kumi na miwili kwa gari la mtumba!

Majibu yakishaingia, katibu anayafungua yote kwa pamoja na kuyaweka kwenye hati ileile. Hapo ndipo mjadala unapoanza, kwa maoni ya pembeni ya hati au kwa simu ya pamoja. Mkubwa azungumze mwisho. Najua ni vigumu kumwambia mzee asubiri, lakini ukimweleza kwamba wewe katibu unataka apate maoni ya wote kabla hajatoa uamuzi, wengi wao hulipokea vizuri.

Kama njia ni nyingi na vigezo ni vingi, jedwali la Google Sheets husaidia: safu wima kwa kila njia, mstari kwa kila kigezo, na kila mbia anatoa alama zake kwenye ukurasa wake. Uzito wa vigezo ukubaliwe kabla ya mtu yeyote kuanza kutoa alama. La sivyo utaona watu wanachezea uzito mpaka njia waliyoitaka tangu mwanzo ishinde, halafu wanasema "hesabu ndiyo imeamua". Na usikimbilie wastani. Wanne wakitoa 8 na mmoja akatoa 2, wastani ni 6.8, namba nzuri tu isiyomshtua mtu. Lakini aliyetoa 2 ameona kitu. Mpigie simu kwanza.

Kura ya WhatsApp ina mahali pake. Inafaa kuchagua siku ya kikao, rangi ya fulana za wafanyakazi, au chakula cha sherehe ya mwisho wa mwaka. Haifai kwa jambo zito, kwa sababu kwa kawaida kila mtu anaona papo hapo nani amechagua nini, na mtu anaweza kubadili chaguo lake akifuata upepo. Kundi likiwa kubwa, au ni ushirika wenye wanachama wengi, iko Loomio, programu iliyozaliwa Wellington, New Zealand, mahsusi kwa maamuzi ya pamoja. Humo pendekezo hupewa tarehe ya mwisho, na mwanachama hachagui tu kati ya ndiyo na hapana: anaweza kukubali, kukataa, au kujizuia kupiga kura, na anaandika sababu yake pembeni ya kura. Makampuni yanayotumia Microsoft Teams yana vifaa vya aina hiyo tayari. Hakuna haja ya kuongeza programu nyingine ya kusahau nywila yake.

Je, majina yafichwe? Wakati wa kukusanya mawazo na kutaja hatari, ndiyo, hasa pale wafanyakazi wanapotoa maoni juu ya mpango wa bosi. Ila kwa watu watano wanaojuana usidanganyike. Mtindo wa kuandika humtaja mtu. Kura ya mwisho inayohusu fedha, kwa maoni yangu, iwe na majina. Anayeidhinisha milioni 36 ajulikane.

Kuna wabia wasio na simu janja, au walio mahali ambapo mtandao unasuasua na bando ni ghali. Wasiachwe nje kwa kisingizio cha teknolojia. Mwaka 2020, corona ilipozuia mikusanyiko, kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa la Nairobi zilifanya mikutano mikuu kwa mtandao, na wanahisa waliweza kujiandikisha na kupiga kura kwa USSD, kwa kubonyeza nyota na namba kama mtu anayeangalia salio. Biashara ndogo haina uwezo wa kutengeneza mfumo kama huo, lakini katibu anaweza kumpigia simu mwenye kitochi, kumsomea maswali yaleyale manne na kujaza fomu kwa niaba yake, kisha kumtumia majibu yake kwa meseji ayathibitishe. Afanye hivyo kabla hajayafungua majibu ya wengine, asije akamwongoza bila kukusudia.

Uamuzi ukishafikiwa, uandikwe juu kabisa ya hati: tumeamua nini, lini, kwa kura ngapi, nani atafanya nini na kwa tarehe ipi, na tunatarajia matokeo gani. Weka pia siku ya kuutazama tena, kwa mfano baada ya miezi sita, kwenye kalenda ya pamoja. Kwa kampuni iliyosajiliwa au SACCOS, hati ya mtandaoni haichukui nafasi ya azimio rasmi. Angalieni katiba yenu inasema nini kuhusu akidi, taarifa ya kikao na saini, kisha muhtasari uchapishwe na kusainiwa kama kawaida.

Mambo mawili ya usalama hupuuzwa sana. La kwanza ni kiungo kilichoachwa wazi, ambacho yeyote anayekipata anaweza kusoma orodha ya wateja, madeni yao na namba zao za simu. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na duka la jumla si dogo mno kuguswa nazo. Ruhusa itolewe kwa barua pepe za wabia tu. La pili ni umiliki. Hati zikiwa kwenye akaunti binafsi ya mpwa wa mmoja wenu aliyejitolea kusaidia, siku akisafiri au akikosana na mjomba wake, kumbukumbu zote zinakwenda naye. Fungueni akaunti ya biashara, nywila yake ijulikane kwa watu wawili, na namba ya simu ya kuirejesha iwe ya ofisi. Mbia akijitoa, aondolewe kwenye hati siku hiyohiyo, na nakala ya PDF ya maamuzi yaliyofanyika akiwepo ihifadhiwe pamoja na mkataba wake wa kujitoa.