Jalidi: Linda Kinyungu Chako na Bomba Lako la Maji



Wewe uliyeko Makete, Njombe au Mufindi wajua kwamba Juni, Julai na Agosti ni miezi ya jalidi. Ndiyo pia miezi ya kulima vinyungu, maana mabondeni bado kuna unyevu. Usiku mmoja tu waweza kuteketeza maharage na viazi ulivyohangaikia kwa majuma mengi. Kazi ya kuzuia hasara hiyo hufanywa jioni. Asubuhi umekwisha chelewa.

JINSI JALIDI INAVYOINGIA

Ardhi hupata joto mchana na kulipoteza usiku. Mawingu huifunika kama blanketi, na upepo huchanganya hewa ya baridi na ya joto. Kwa hiyo usiku mweupe, usio na mawingu wala upepo, ndio wa hatari. Hewa ya baridi ni nzito. Huteremka mlimani kama maji na kutuama bondeni. Ndiyo sababu maharage ya bondeni huungua, na ya mteremkoni yakapona.

Maji yakiganda huongezeka: madebe 11 ya maji huwa kama madebe 12 ya barafu. Basi bomba lililojaa maji hupasuka, nawe hukosa maji wakati wa kiangazi.

KABLA YA MSIMU

1. Panda maharage, viazi na nyanya pembeni mwa bonde, juu kidogo. Chini kabisa panda kabichi, kwani huvumilia baridi.
2. Ukiwa na ua mnene upande wa chini wa shamba, fungua nafasi ili hewa ya baridi ipite. Usiizibie.
3. Fukia bomba kina cha futi moja na nusu.

JIONI

1. Udongo ukiwa mkavu, umwagilie mchana ule ule. Udongo wenye unyevu hutunza joto kuliko mkavu.
2. Funika kitalu kabla jua halijatua. Simamisha miti mifupi, utandaze nyasi juu yake. Kifuniko kisiguse majani ya miche.
3. Bomba lililolala juu ya ardhi, lifunge kule maji yanakoingilia, kisha fungua mwisho wa chini maji yatoke yote. Uache wazi mpaka asubuhi.
4. Koki isiyoweza kumwagwa maji, ifunge kwa nyasi kavu na gunia, kisha uviringishe nailoni juu. Nyasi zikilowa hazizuii baridi.

ASUBUHI

Jua likiisha yeyusha jalidi, funua kitalu, kwani miche yataka mwanga.

Bomba likiganda, usilikaribishie moto hata kidogo, maana bomba la plastiki huyeyuka. Fungua koki, ungojee jua, au mimina maji ya uvuguvugu ukianzia penye koki.

Viazi vikiungua majani, usiharakishe kuvingʼoa. Mara nyingi huchipua tena kutoka chini ya udongo. Lakini mche mchanga wa maharage uliokufa mpaka shinani hauponi. Ungʼoe, upande kitu kingine.

KUMBUKA

Tazama mbingu kila jioni. Zikiwa safi na majani ya miti yametulia, usilale kabla ya kufunika kitalu na kumwaga maji ya bomba. Ukiwa na swali, mwone Afisa Ugani wa kata yako.