Dondoo muhimu: Kupima visuluhishi vya SAT Lodwar na Kakuma

Unatafuta maktaba ya kupangia ratiba ya shule, mwalimu asiangukiwe na vipindi viwili kwa wakati mmoja? Linganisha visuluhishi vya SAT (programu zinazotafuta jibu linalotimiza masharti yote) MiniSat, CaDiCaL na Kissat hivi:

• Pakua zote mapema mtandao ukiwa mzuri, kisha pima nje ya mtandao.
• Tumia faili zilezile za DIMACS (muundo wa kuandikia masharti hayo), kompyuta ileile na ukomo uleule wa muda.
• Pima alfajiri, laptopu ikiwa kwenye umeme. Joto la mchana la Lodwar huweza kupunguza kasi ya prosesa.
• Jaribio lisiloisha lihesabie mara 2 ya ukomo, kama yafanyavyo mashindano ya SAT.
• Wanafunzi wapya huingia Kakuma katikati ya muhula? MiniSat na CaDiCaL huongezewa masharti mapya ya ratiba papo hapo. Kissat huanza upya.