Viatu vinanuka? Anza na unyevu

Harufu ya viatu ukivivua mlangoni kwa watu haitokani na jasho lenyewe. Wanaonukisha ni bakteria wanaokula jasho na ngozi iliyokufa ndani ya kiatu kisichokauka, na hewa ya Malindi na Kilifi, hasa miezi ya masika, haikaushi kitu upesi.

Ukiwa na jozi mbili, zivae kwa zamu. Mwanafunzi mwenye jozi moja akirudi tu, alegeze kamba, atoe soli za ndani, ajaze magazeti makavu, ayabadilishe kabla ya kulala. Raba za kitambaa zifuliwe na kuanikwa juani. Viatu vya ngozi viweke kivulini penye upepo. Jua la saa saba huvikakamaza.

Usiku, tia vipande vya makaa yasiyowashwa katika soksi kuukuu, moja kwa kila kiatu. Au nyunyiza soda ya kuokea, ukung'ute asubuhi. Siki pia yafaa: kipimo kimoja kwa viwili vya maji, pangusa ndani, kausha kabisa. Chumvi ya Gongoni ipo tele, lakini usiitegemee kukausha viatu: kwa unyevu wa huku huloa yenyewe. Udi nao hunukia vizuri, ila huficha harufu tu.

Miguu je? Osha kwa sabuni, kausha katikati ya vidole, na ubadilishe soksi kila siku. Ngozi ikiwasha na kubambuka hapo, huenda ni fangasi: makaa hayatasaidia, nenda duka la dawa.