Miaka Kumi Baada ya Upasuaji wa Kichwa



Safari hii tunazungumza juu ya jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Ni juu ya nyumba ambayo mmoja wa wenye ndoa alipasuliwa kichwa kwa sababu ya uvimbe wa ubongo, akapona, na sasa miaka mingi imepita. Hatuzungumzii juma la kwanza hospitalini. Wakati ule kila mtu huja: Jumuiya Ndogo Ndogo huja na rozari, mashemeji huja na mchele, padre huja na mafuta matakatifu. Tunataka kuzungumza juu ya mwaka wa tano, wa kumi, wa kumi na mbili, wakati hakuna abishaye hodi tena, na mtaani watu husema, "Ah, yule si alipona zamani?"

Wafikirieni mume na mke wanaokaa Liwatoni, kisiwani Mombasa. Mume ni mfanyakazi wa bandarini Kilindini. Mke alianza kwa kuumwa na kichwa, hasa alfajiri, kisha akaacha kusikia harufu. Katika mtaa kama Liwatoni, ambako boti za uvuvi hushusha samaki, kutosikia harufu ni jambo la ajabu sana. Siku moja alinunua kolekole aliyekwisha haribika, akampika, akashangaa kwa nini watoto hawali. Nyumbani walimcheka. Baadaye akaanguka kifafa, mtu mzima ambaye hakuwahi kuanguka maishani mwake. Majirani wakasema ni jini la baharini, na shangazi akataka apelekwe kwa mganga. Mume akakataa. Akampeleka hospitali, akapigwa picha ya kichwa, na uvimbe ukaonekana nyuma ya paji la uso, pale mishipa ya harufu inapopita.

Madaktari huuita uvimbe wa namna hii meninjioma. Hauanzii katika ubongo wenyewe bali katika utando unaoufunika. Kati ya vimbe zote zinazoanzia kichwani mwa watu wazima, huu ndio unaopatikana zaidi, nao huwapata wanawake kuliko wanaume. Mara nyingi si saratani na hukua polepole, ndiyo maana wengi huishi miaka mingi baada ya kuondolewa. Ziko vimbe nyingine zilizo kali zaidi, na hatutaki kumdanganya mtu. Basi kila mgonjwa na mwenzi wake wamwulize daktari jina la uvimbe wao, waliandike kwenye karatasi, walijue kama wanavyojua majina ya watoto wao.

Lakini kupona kwa namna hii si kama kupona malaria. Uvimbe unaweza kurudi baada ya miaka mingi, kwa hiyo picha ya kichwa hupigwa tena na tena kwa muda ambao daktari ataamua. Dawa za kuzuia kifafa huenda zikanywewa kila siku kwa miaka, wala haifai kuziacha ghafla kwa sababu tu mtu ajisikia mzima. Harufu ikishapotea kwa sababu hiyo, mara nyingi hairudi. Tena sehemu ile ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayotusaidia kuwa na subira, kujizuia na kupanga mambo. Ikiguswa na uvimbe au na upasuaji, mtu aweza kuwa mwepesi wa hasira, au mzito wa kuanza kazi, au akasema mbele ya wageni jambo ambalo zamani angelimeza.

Hapo ndipo ndoa inapojaribiwa. Mume wa Liwatoni anarudi jioni, anakuta sufuria imeungua na mkewe amelala. Anauliza kwa upole, anajibiwa kwa ukali. Anajisemea moyoni neno ambalo hathubutu kumwambia hata padre katika kitubio: "Huyu siye niliyefunga naye ndoa."

Ndugu mume, neno hilo si dhambi ya kukufanya ujifiche. Ni kilio. Mtu aweza kumlilia mwenzi aliye hai, anayekula naye meza moja, kwa sababu kitu fulani alichokipenda ndani yake kimeondoka. Lililo baya ni kukiacha kilio hicho kioze hadi kiwe dharau. Mtafute mtu wa kumwambia: paroko, katekista mwenye hekima, au mume mwingine aliyewahi kuuguza. Wale watu wanne katika Injili ya Marko, waliomteremsha mwenye kupooza kupitia dari, walikuwa wanne. Hakuna aliyembeba peke yake.

Tumeulizwa zaidi ya mara moja: je, mwenzi akibadilika tabia kwa sababu ya ugonjwa wa ubongo, ndoa imevunjika? Hapana. Mahakama ya Kanisa inapochunguza kama ndoa ilikuwa halali, hutazama siku ile ya kutoa ukubali: je, walijua wanalolifanya, walikuwa huru, waliweza kuubeba wajibu wa ndoa? Ugonjwa uliokuja miaka baadaye haurudi nyuma kuifuta siku hiyo. Mliahidiana kuwa waaminifu katika afya na katika ugonjwa, na huu ndio ugonjwa wenyewe. Jambo moja tu tuliseme wazi. Ikiwa hasira ya mgonjwa imekuwa kipigo, na mwenzi au watoto wamo hatarini, Kanisa halimlazimishi mtu kukaa ndani akingojea kuumizwa. Sheria ya Kanisa inaruhusu kutengana kwa ajili ya usalama, na kifungo cha ndoa kinabaki. Na daktari aambiwe habari hizo, kwa maana mara nyingine dawa yenyewe ndiyo inayochochea ghadhabu, nayo yaweza kubadilishwa.

Ndugu wa mume nao wana maneno yao. "Wewe bado kijana. Chukua mwingine akusaidie." Husemwa kama huruma. Mume Mkristo ajibu mapema na kwa heshima, "Mama, nashukuru kwa kuniwazia, lakini mke wangu ni huyu." Akinyamaza, maneno yatamfikia mke kwa njia nyingine, na mgonjwa wa kichwa asikiaye kwamba nafasi yake inatafutiwa mtu, hatalala usiku.

Sasa tugeuke upande wa mke, maana kurasa kama hizi husahau kwamba mgonjwa naye ana lake. Mke huyu amechoka kuangaliwa. Akiinuka, mume ainuka. Akienda chooni, mtoto hutumwa kusikiliza mlangoni. Mwaka 2021 lilipofunguliwa lile daraja linaloelea la kwenda Likoni, lililojengwa kwa ajili ya wapita kwa miguu ili kupunguza msongamano wa feri wakati wa Korona, alitamani alivuke peke yake akamwone dada yake.

"Ukianguka je?" mume akauliza.

"Baba watoto, nimeanguka mara ngapi mwaka huu?"

Hakuanguka hata mara moja. Mume hakuwa na jibu, ila bado alikataa, na mke akalia siku nzima. Ajabu ni kwamba mume aliyeogopa daraja hakuogopa mtungi wa gesi ulio jikoni kwake mwenyewe. Mtu asiyesikia harufu hawezi kujua gesi inapovuja, na hilo ndilo lingepaswa kumkosesha usingizi.

Kumlinda mtu si sawa na kumfungia. Kaeni pamoja mseme hatari ipi ni ya kweli. Mwenye kifafa asiogelee baharini peke yake, asioge huku amefunga mlango kwa komeo, na asipande pikipiki wala kuendesha gari mpaka daktari aseme. Jiko la mkaa liwekwe mahali ambapo akianguka hataliangukia, kwa maana wengi wenye kifafa huungua motoni. Mtungi wa gesi ukaguliwe na mwenye pua, hata awe mtoto wa darasa la sita, kila jioni kabla ya kulala. Watoto hupenda kupewa kazi ya heshima kama hiyo. Samaki na maziwa yanuswe na mwingine. Baada ya hayo, mwacheni mama avuke. Atie kwenye mkoba kikaratasi chenye jina lake, jina la dawa zake na namba ya simu ya mumewe, naye aende kwa dada yake Likoni.

Juu ya kitanda cha ndoa tuseme kidogo, bila kuona haya. Uchovu wa mwili, dawa na huzuni hupunguza hamu. Mume asidhani amechukiwa. Mke asijilazimishe huku analia kimya. Wapo wenye ndoa ambao kwa miezi mingi hushikana mikono tu, na ndoa yao ni hai. Kama bado mnatarajia mtoto, mwoneni daktari kabla ya mimba, si baada yake. Dawa moja ya kifafa, valproeti, yaweza kumdhuru mtoto tumboni, na daktari atajua kama inafaa kubadilishwa. Msiiache wenyewe. Nao wanaofuata uzazi wa mpango kwa njia ya asili wakumbuke kwamba usingizi uliovurugika huweza kupotosha kipimo cha joto la mwili asubuhi, basi watazame na dalili nyingine walizofundishwa.

Na imani? Hapa pana mitego miwili. Wa kwanza ni ule wa wahubiri wanaomwambia mgonjwa, "Umeponywa, tupa dawa!" Akizitupa, akaanguka, wanasema imani yake ni haba. Wa pili ni ule wa kukata tamaa polepole: kusali kwa midomo tu, huku moyoni mtu amekwisha jizika.

Kanisa linaamini miujiza. Mama Teresa wa Calcutta alitangazwa mtakatifu tarehe 4 Septemba 2016, na muujiza uliokubaliwa ulimhusu Mbrazili aitwaye Marcilio Andrino, ambaye mwaka 2008, akiwa ametoka tu kufunga ndoa, alikuwa na majipu ndani ya ubongo. Alikuwa amezimia, na upasuaji ulikuwa unaandaliwa, huku mkewe Fernanda akiomba maombezi ya Mama Teresa. Akaamka kabla ya kupasuliwa. Yale yalikuwa majipu, si uvimbe kama huu tunaousema, lakini angalieni nani aliyekuwa akisali: ni mke. Tena hakumwondoa mumewe hospitalini ili asali. Alisali hukohuko, madaktari wakifanya kazi yao.

Lakini Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake mwilini, na haukuondolewa. Wengi wetu tuko upande wa Paulo. Mke wa Liwatoni hakupata harufu yake tena. Alipata miaka. Aliwaona watoto wake wakipokea Komunyo ya Kwanza katika Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, na ubani ukifukizwa alimwuliza mumewe, "Waivuta?" Mumewe akajibu, "Naivuta kwa ajili yetu wawili."

Wiki ya kupigwa picha ndiyo ngumu kuliko zote. Siku kumi kabla yake nyumba huingiwa na baridi; kila mmoja anaogopa, na kila mmoja anaficha ili asimtie mwenzake hofu. Msifiche. Mmoja aseme, "Mwenzangu, mimi naogopa." Mkitaka, mwambieni padre, ampe mgonjwa baraka na Ekaristi kabla ya safari. Na ikiwa picha itaonyesha uvimbe umerudi na upasuaji wahitajika, ombeni Mpako wa Wagonjwa bila kuchelewa, hata kama aliwahi kuupokea mara ya kwanza. Wazee wetu waliuita mpako wa mwisho, wakangoja hadi mgonjwa ashindwe kusema. Sakramenti hii ni ya mgonjwa mzito aliye hai, na yaweza kurudiwa ugonjwa ukizidi au ukirudi.

Tangu mwaka 1993 Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani kila tarehe 11 Februari, sikukuu ya Mama Yetu wa Lurdi. Parokia nyingi hukumbuka walio vitandani siku hiyo. Wanajumuiya, mwakani mtazameni pia yule mama aliyekaa benchi la nyuma akiwa amevaa kitambaa kichwani, ambaye nyote mwadhani alikwisha pona. Mwulizeni mumewe naye kama amelala.

Jioni ya leo, watoto wakishalala, zimeni redio mkae wawili. Mzima amwulize mgonjwa, "Nikuache ufanye nini peke yako ambacho nimekukataza?" Kisha mgonjwa amwulize mzima, "Ni lini mara ya mwisho ulipumzika?" Asijibu mtu upesi. Kama jibu la swali la pili ni kwamba hakumbuki, pangeni Jumamosi moja mwezi huu, dada wa mke avuke kutoka Likoni aje akae naye, na mume aende zake baharini kuvua, au alale tu mpaka saa nne.